Jalada Haligawanywi

Kanuni za masjala zilikuwa kumi na mbili, na zote niliziandika mimi. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba, kitabu kimoja cha utunzaji wa kumbukumbu ambacho mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwisho, na chumba kilichojaa makaratasi ya wagonjwa yaliyofungwa mafungumafungu kwa kamba za migomba. Kwa miezi minane niliyapanga makaratasi yale kwa namba, kila mgonjwa na jalada lake. Kisha nikaandika kanuni kwa wino mweusi na kuzibandika nyuma ya mlango. Mganga mkuu alizisoma zote akiwa amesimama, akacheka, akasema, "Karani, sasa tumepata wizara yetu hapahapa." Akagonga muhuri chini ya karatasi. Ule muhuri ulinidanganya. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nazitii kana kwamba zimeletwa kwa gari kutoka Dar es Salaam.

Kanuni ya kwanza ilisema kila mgonjwa aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Ya nne ilisema mgonjwa haruhusiwi kusoma jalada lake. Ya tano: jalada haligawanywi, likitolewa, hutolewa zima. Nyingine tisa sina haja ya kuzieleza hapa.

Hospitali ilikuwa ndogo, wilayani Ngara. Jina lake naliacha, kwa sababu kosa ninalolieleza halikuwa lake. Mimi ni mtu wa Nyarubungo, upande wa Biharamulo, na nilihamia Ngara kwa ajili ya kazi hiyo. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Malori ya chakula cha kambini yalipita mbele ya dirisha langu kutwa nzima, na vumbi lake liliingia hadi ndani ya makabati. Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la kupokelea watu, nilifuta majalada kwa kitambaa kikavu, rafu moja baada ya nyingine. Niliipenda kazi hiyo kuliko zote.

Mama ninayemwandika hapa alitoka Murusagamba. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, rika langu, mkulima wa ndizi na maharage. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi katika wimbi la zamani, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Alikulia hapa, akaolewa hapa, akazika mume hapa. Wimbi jipya lilipokuja, alikuja humo binti wa mama yake mdogo. Kwa hesabu yao huyo si ndugu wa mbali. Ni mdogo wake tu, na alimwita hivyo. Amri ya serikali ilikuwa kwamba kila mkimbizi akae kambini. Mama yule alimchukua mdogo wake akamweka nyumbani.

Walikuja pamoja asubuhi moja. Mdogo mtu alitembea ameinama, mkono mmoja kiunoni.

"Habari za kazi, dokta," mama akanisalimia dirishani.

"Nzuri. Mimi si daktari, mama, mimi ni karani."

"Haya, dokta karani. Nimekuletea mgonjwa. Mwandike kwangu."

"Kwako namna gani? Ana jina lake."

"Jina lake ukiliandika utaulizwa ametoka wapi. Na wewe ukiulizwa utajibu, nakujua, hata nukta hukosei. Kesho polisi wako mlangoni kwangu, keshokutwa huyu yuko chini ya turubai." Alisogeza uso karibu na wavu wa dirisha. "Mwandike kama mimi. Mama zetu walinyonya ziwa moja. Kosa liko wapi?"

Mdogo wake alijaribu kuketi kwenye benchi, akashindwa, akabaki amejishikilia ukutani. Alikuwa ameanguka na mzigo kichwani bondeni, siku waliyovuka mpaka, na tangu hapo hakuwa amepona. Nilimtazama. Nikatoa jalada la dada yake, nikaweka ndani yake karatasi mpya, nikaandika juu yake jina la dada yake na tarehe. Ilikuwa mara ya kwanza kuvunja kanuni zangu, na mara ya mwisho.

Daktari, ambaye hakujua lolote kuhusu hilo, aliandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: mwanamke, umri takriban miaka thelathini, maumivu ya kiuno na nyonga ya kushoto tangu alipoanguka na mzigo, anachechemea, apumzike, asibebe vitu vizito. Nikairudisha karatasi jaladani. Ilikuwa ya tatu, nyuma ya karatasi mbili za malaria ambazo zilikuwa za mama mwenyewe.

Wiki kumi baadaye, mama akiwa amejitwika kikapu cha maharage kwenye barabara ya kwenda Bugarama, lori la mfanyabiashara mmoja lililokodiwa kupeleka chakula kambini liliacha njia likamgonga. Liligonga nyonga ya kushoto. Ningependa lingegonga mahali pengine popote, hata pabaya zaidi. Nimeshawahi kuwaza hivyo, na ninaandika hapa kwamba nimewaza. Alilazwa wiki saba. Hatukuwa na mashine ya picha, kwa hiyo kila kilichojulikana kuhusu mfupa ule kilijulikana kwa mikono ya daktari na kwa karatasi alizoandika. Uliunga vibaya. Mguu ukawa mfupi, akatoka na magongo mawili, na baadaye moja. Mganga mkuu alimwambia kwamba kule Mwanza kuna madaktari wanaoweza kuuvunja tena na kuunyoosha, na kwamba akikawia haitawezekana.

Ndiyo sababu alifungua kesi. Hakutaka kumfilisi mtu. Alitaka mwenye lori agharimie upasuaji, aweze kulima tena akiwa amesimama. Fomu ya polisi, ile PF3, alikuwa nayo. Hati ya madai aliandikiwa na mwalimu mstaafu wa kijijini kwao. Wakili hakuwa naye.

Alikuja dirishani kwangu mwezi mmoja kabla ya kesi kusikilizwa.

"Dokta karani, nataka kuona jalada langu."

"Hairuhusiwi, mama."

"Nani amekataza?"

"Kanuni."

"Mwili ulioandikwa humo ni wa nani?"

"Mwili ni wako. Jalada ni la hospitali."

Alicheka kwa sauti, hadi watu wa kwenye benchi wakageuka. "Basi na mguu wenyewe uchukueni, umekaa kwenu wiki saba!" Kisha akainamia wavu na kupunguza sauti. "Watu wa lori watakuja kulitafuta, mwalimu ameniambia. Ile karatasi ya mdogo wangu itoe. Kama huwezi kuitoa, wape za ajali peke yake. Ile wasiione."

"Kutoa karatasi jaladani ni kosa la jinai," nikasema.

"Na kuiweka?"

Nilimwambia kuna watu nyuma yake wanasubiri, na walikuwepo kweli. Aliniangalia kidogo, akaokota gongo lake, akaondoka. Nilitoa kitambaa nikafuta rafu ambayo nilikuwa nimekwisha kuifuta.

Baada ya wiki mbili alikuja karani wa wakili wa mwenye lori. Alitoka Mwanza, kijana mwenye mkoba wa ngozi na viatu vilivyogeuka vyekundu kwa vumbi. Alikuwa na barua. Niliisoma mara mbili, kama nilivyosoma kila barua. Iliomba nakala za kumbukumbu za matibabu yaliyotokana na ajali. Haikuomba kingine.

Aliingia ndani, akasimama katikati ya chumba, akageuka polepole kuangalia rafu.

"Mkuu, hii ni nini?"

"Masjala."

"Nimezunguka hospitali zote za huku. Kwingine nimeonyeshwa magunia. Magunia, mkuu, ya viazi! Hapa nimetaja jina na hata sijaketi, jalada liko mezani. Umesomea wapi?"

"Hapahapa."

"Hapahapa! Bwana wee!"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia maneno kama hayo. Mganga mkuu alicheka, wauguzi walilalamika kwamba nawachelewesha. Huyu alikuwa mtu wa kesi, anayejua thamani ya karatasi. Nikamsogezea jalada zima.

"Mimi nimeomba za ajali tu," akasema. Ni lazima niandike kwamba alisema hivyo.

"Jalada haligawanywi," nikamjibu, nikamwonyesha mlango kwa kidole.

Alikwenda akasoma, mikono mgongoni. "Namba tano. Safi kabisa." Akarudi, akaketi, akafungua.

Alisoma kwa kufuata tarehe, kama ambavyo ningesoma mimi. Karatasi mbili za malaria alizipita. Kwenye ya tatu alisimama. Alisoma, akarudia, akauliza neno moja la kifupisho la daktari, nami nikamtafsiria: kuchechemea. Nilitafsiri kwa usahihi.

"Tarehe hii ni kabla ya ajali," akasema.

"Ndiyo."

"Naomba nakala ya hii pia."

Nilijua ni karatasi ipi. Sitaki msomaji afikiri kwamba nilisahau, au kwamba siku ile nilikuwa na kazi nyingi. Nilijua, na mama mwenyewe alikuwa amekuja kuniomba niitoe. Ningeweza kusema tu kwamba karatasi hiyo iliingia humo kwa makosa, ni ya mtu mwingine, namba yake itatafutwa. Lakini hilo lingekuwa na maana kwamba ndani ya masjala yangu, mbele ya mtu aliyeisifu, kulikuwa na karatasi isiyokuwa mahali pake. Nilipiga nakala kwa mashine ya chapa. Niliilinganisha na karatasi yenyewe neno kwa neno, nikagonga muhuri wa nakala halisi, nikatia sahihi.

Wito wa mahakama ulinikuta kazini. Nilitakiwa kupeleka jalada na kulieleza. Nilikwenda kwa baiskeli, jalada nimelifunga kwenye karatasi ya nailoni, na njia nzima nilikuwa natengeneza sentensi. Niliitengeneza kama fundi anavyosawazisha mguu wa meza, nikaikata hapa, nikaipima pale, hadi ikasimama.

Wakili aliniuliza, "Jalada hili ni la nani?"

"La mdai."

"Kila karatasi iliyomo inamhusu yeye?"

"Kwa mujibu wa kumbukumbu, ndiyo."

Ndiyo sentensi niliyoitengeneza. Haikuwa na uongo hata mmoja ambao mtu angeweza kuuwekea kidole. Dereva alikuwa amekwisha kutoa ushahidi kabla yangu: alipiga honi, akasema, mama akachelewa kupisha, alitembea kama mtu mgonjwa wa kiuno. Kabla ya karatasi yangu yale yalikuwa maneno ya dereva tu.

Hakimu alimgeukia mama. Alimwambia kwa upole, na nakumbuka upole huo. "Mama, ni kweli ulitibiwa kiuno na nyonga hii hii kabla ya ajali?"

Alisimama akiegemea gongo. Aliniangalia mimi kwanza. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Nilitazama jalada. Angesema si yeye, swali linalofuata lingekuwa ni nani, na yuko wapi sasa. Mdogo wake alikuwa nyumbani Murusagamba, anamlindia watoto.

"Kama imeandikwa," akasema.

"Sikuulizi kilichoandikwa. Nakuuliza wewe."

"Ndiyo, mheshimiwa. Niliumwa."

Dai lilitupwa. Hukumu ilisema haikuthibitika kwamba ulemavu ule ulitokana na lori, wala kwamba dereva ndiye mwenye kosa, kwa kuwa mdai alikuwa tayari anachechemea na hakuweza kupisha njia kwa wakati. Kumbukumbu za hospitali, hukumu ikasema, zimetunzwa vizuri na hakuna sababu ya kutoziamini. Nilisoma mstari ule nikiwa nimesimama kwenye korido ya mahakama, na kwa muda mfupi sana, kabla sijaona haya, niliufurahia.

Miaka ilipita. Kambi zilipungua, malori yakapungua. Niliendelea kusoma kila nilichopata kuhusu kumbukumbu. Mara moja nilipelekwa kwenye semina Biharamulo, na mkufunzi akaeleza kwamba mgonjwa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, na kwamba upande wa pili wa kesi unapewa kile ulichoruhusiwa tu, kwa ridhaa ya mgonjwa au kwa amri ya mahakama, wala si zaidi.

Nilinyoosha mkono. "Na kama kanuni ya hospitali inasema jalada haligawanywi?"

"Kanuni hiyo imetoka wapi?"

"Sijui," nikasema mbele ya watu arobaini.

Nilirudi Ngara nikazibandua zile kanuni mlangoni. Gundi iliacha alama. Haikunitosha. Nilijishawishi kwamba nikimweleza mama yule ukweli wote, kwa mpangilio, bila kujitetea, nitakuwa nimefanya kilichobaki kufanyika. Niliyaandika mambo yenyewe kwanza kwenye kipande cha karatasi, moja hadi sita, nikakitia mfukoni, nikaenda Murusagamba.

Alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooshwa mbele. Nyonga ilikuwa imekauka vilevile ilivyokuwa. Wakati wa upasuaji ulikwisha kupita. Mdogo wake alikuwa kwenye mkeka hatua chache nyuma yake, anapepeta maharage. Sasa alikuwa na makaratasi yake ya halali, ameolewa kijiji hichohicho, na kila msimu alikuja kulima shamba la dada yake pamoja na lake.

"Aa, dokta karani! Karibu. Umezeeka, wewe."

"Tumezeeka wote, mama."

"Mimi sijazeeka, nimechechemea tu."

Aliagiza niletewe kiti. Nikaketi. Nikasema nimekuja kwa habari ya ile kesi.

"Kesi iliisha. Sheria ilikataa. Mvua ya mawe ikipiga shamba lako, utamgombeza nani?"

"Haikuwa sheria," nikasema.

Nikamweleza. Barua yao iliomba karatasi za ajali tu. Karani wao mwenyewe alinikumbusha. Mimi ndiye niliyempa jalada zima, na ile karatasi isiyo yako ndani yake. Zile kanuni za mlangoni hazikuwa za serikali, niliziandika mimi. Nilieleza yote sita kwa utaratibu wake. Sikukitoa kile kipande mfukoni, nilikuwa nimekariri.

"Hawakuiomba?" akauliza.

"Hawakuiomba."

"Walikupa nini?"

"Sikupewa kitu. Aliisifu masjala."

"Aliisifu." Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Miaka yote hii nawaambia watoto ni sheria. Mkubwa alitaka kwenda kumtafuta yule dereva, nikamwambia tulia, ni sheria, haina mtu. Sasa leo niwaambie nini? Kwamba mtu alisifiwa?"

Sauti ya ungo nyuma yake ilikuwa imekoma.

"Karatasi ipi isiyo yako?" mdogo wake akauliza kwa Kirundi. Nilimwelewa, Kirundi na lugha za kwetu hazipishani sana.

"Mambo ya hospitali. Endelea na maharage."

"Dada, karatasi ipi?"

"Nimesema endelea."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kumwambia. Aliyafunga mambo hayo mdomoni tangu siku ile mahakamani, ili yule mwingine aishi pale bila kujua amekaa juu ya nini. Na mimi nilikuja kwa baiskeli mchana kweupe, nikayamwaga uani, huyo mdogo mtu akiwa hatua tatu kutoka kwangu. Sikuwa hata nimefikiria kuuliza kama anajua.

Nilisimama kuaga. Huko kwetu mgeni husindikizwa hadi njiani, hata akiwa mgeni wa kuja kuomba moto. Mama hakusogea kwenye kigoda chake. Alisema tu, "Haya." Mdogo wake ndiye aliyeinuka, akatembea na mimi hadi mwisho wa migomba, mimi nikikokota baiskeli. Tukafika barabarani.

"Ile siku tuliyokuja wote wawili," akasema. "Nilipokuwa naumwa kiuno. Dada aliniambia nilitibiwa bila kuandikwa."

"Uliandikwa."

"Kwa jina lake."

"Ndiyo."

"Ndiyo iliyomkosesha Mwanza?"

Ningeweza kusema si hivyo hasa, kulikuwa na mambo mengi, hakimu alitazama na mengine. Sentensi kama hizo najua kuzitengeneza. Nilimwambia ndiyo, na kwamba kosa si lake, ni langu. Sehemu ya pili sidhani kama aliisikia.

Nilipanda baiskeli. Kwenye kona niligeuka nikamwona bado amesimama pale migomba inapoishia, mkono umeshika jani. Kutoka pale hadi uani ni hatua kama hamsini. Alikuwa hajaanza kurudi.